Mahali pa Kuwekea Majivu

Mtaa mzima wa Nambambo, pale Nachingwea, ulijua kwamba Goreti na sigara ni paka na panya. Mlangoni kwake palining'inia kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa, HAPA SIGARA MWIKO, na kama hukuyaona maandishi ungemsikia mwenyewe. Aliwahi kumfukuza barazani bwana afya wa kata, mtu aliyekuja na kalamu yake kukagua vyoo, kwa kosa la kutoa pakiti mfukoni. Hakuwa amewasha hata sigara moja, maskini. Aliitoa tu, akajikuta yuko barabarani na choo hakijakaguliwa mpaka leo.

Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba asubuhi ile, alipopanda gari la Ruangwa kwenda kununua kisahani cha majivu ya sigara, Goreti alichagua kiti cha nyuma kabisa, akajifunika mtandio hadi puani, na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kuliko gari lenyewe. Mwanamke wa umri wake, mjane, mama wa Modest aliye Dar es Salaam, mweka hazina wa jumuiya, anakwenda wilaya ya jirani kujificha kama mtoto aliyedokoa nyama. Angemwona mwingine akifanya hivyo angemcheka siku nzima.

Chanzo cha yote ni Fundi Rogath. Huyu alikuwa seremala mstaafu wa karakana ya misheni, mgane, mtu mrefu na mpole ambaye kasoro yake moja iliyojulikana ni kwamba alivuta sigara tangu ujana na hakuona sababu ya kuacha. Mwaka huo, mikorosho ilipoanza kutoa maua, Goreti alimwita amtengenezee mlango uliokuwa umepinda tangu masika. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na ikachukua wiki. Kila baada ya misumari miwili mitatu fundi aliweka nyundo chini, akatoka, akavuka ua, akaenda kusimama ng'ambo ya mkorosho wa mwisho, mpakani kabisa, akavuta sigara yake huko, kisha akarudi. Majirani waliziona safari zile, wakacheka. Mlango wenyewe, ukitaka ukweli, ulikuwa umekwisha siku ya pili.

Siku alipokusanya vifaa vyake ndipo alipotamka, na hakuzunguka mbuyu. Alisema yeye ni mgane na Goreti ni mjane, watoto wa pande zote mbili wamekua na wamekwenda zao, na yeye angependa wazeeke pamoja, kwa ndoa ya kanisani, mbele ya watu. Goreti akasema atafikiri. Akafikiri mpaka maua yakawa mabibo, mabibo yakaanguka, korosho zikaokotwa, zikauzwa, na yeye bado anafikiri.

Wala msidhani alikuwa hajui jibu. Jibu alikuwa nalo tangu siku ya pili ya mlango. Lililomshinda ni kulitoa mdomoni. Alilelewa kwamba mwanamke hamwambii mwanamume kuwa anamtaka. Wapo wazee wa kusema kwa niaba yake. Sasa wazee wake wote wako makaburini, na mzee aliyebaki ni yeye mwenyewe.

Halafu kulikuwa na jumuiya. Waumini wa mtaa wao walisali pamoja kila Jumamosi alasiri, nyumba kwa nyumba, kwa zamu, chini ya mwenyekiti wao Brigita, mwanamke mwenye moyo mweupe na mdomo usio na komeo. Habari iliyoingia sikioni mwa Brigita asubuhi, adhuhuri ilikuwa imeshafika sokoni na kurudi ikiwa imenenepa. Na mbele ya jumuiya hiyohiyo Goreti alikuwa amewahi kusimama na kuhubiri kwamba mvuta sigara anaichoma moto pumzi aliyopewa na Mungu. Kila alipotaka kumjibu Rogath aliiona jumuiya nzima ikicheka, Brigita akiwa mbele, akaahirisha mpaka kesho. Kesho zikawa nyingi.

Rogath hakuuliza tena. Alikuja jumuiya kama kawaida yake, akakaa karibu na mlango, akamsalimia kwa heshima, akaondoka. Kisha siku moja, wakitoka kanisani, alimwambia Goreti kwamba binti yake wa Songea anamtaka akaishi naye, na amekubali. Jumapili ijayo atasali Nachingwea kwa mara ya mwisho, Jumatatu atasafiri. Alisema hana ugomvi na mtu, ila mtu hawezi kukaa mahali bila sababu.

Alikuwa anavuta wakati akisema hayo, naye alihamia upande wa pili wa njia ili upepo usimpelekee Goreti moshi. Sigara ilipokwisha, akatoa kwenye mfuko wa shati kikopo cha dawa ya viatu, akakifungua, akatia kipisi na majivu yake humo, akakifunga, akakirudisha mfukoni. Goreti akamuuliza hicho ni nini. Rogath akamjibu kwamba anatembea nacho tangu kazi ya ule mlango, maana hapendi kumwachia mtu uchafu uani kwake.

Goreti alifika nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake, akalia. Mtu mzima, fundi wa watu, anazunguka na majivu yake mfukoni kwa sababu hana pa kuyaweka! Ilimuuma kuliko ile habari ya Songea. Alipomaliza kulia akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa hivi: mdomo ukishindwa, meza iseme. Atanunua kisahani cha majivu, kizuri, cha heshima, akiweke sebuleni. Rogath atakapokuja kuaga atakiona. Na mtu yeyote mwenye akili timamu akikuta kisahani cha majivu ndani ya nyumba ya Goreti atajua kwamba amekaribishwa, amekaribishwa hasa, na Songea si lazima.

Aliyemshirikisha shauri hili alikuwa mmoja tu, Yunisi, mama wa Kisukuma aliyekuja na mumewe Maige na ng'ombe wao miaka michache iliyopita, na ambaye alimletea maziwa kila asubuhi. Alimwamini kwa sababu hakuwa wa jumuiya, na kwa sababu alikuwa mtu wa kukucheka mbele yako, si nyuma. Na kweli alimcheka. Aliweka ndoo ya maziwa chini kwanza, ili isimwagike, akacheka mpaka akashika ukuta.

“Mayu, mama yangu, kwetu ukimtaka mtu unamwambia,” alisema alipopata pumzi. “Wewe unamnunulia sahani?”

“Ndivyo nilivyo. Nishauri, au beba maziwa yako.”

Yunisi akamshauri, maana Maige alikuwa mvutaji na mfagiaji wa nyumba ile alikuwa yeye. Akasema chombo kiwe kizito, chepesi kinapinduliwa na kiwiko. Kiwe na kina, la sivyo dirisha likifunguliwa tu majivu yanahamia kwenye mboga. Plastiki asiiguse kabisa. Na ukingoni kiwe na vijipengo vya kulazia sigara, kwa kuwa mwanamume akinogewa na hadithi huisahau, na sigara iliyokosa pa kulala italala kwenye kitambaa chako cha meza. Goreti akayashika yote, akaongeza sharti lake mwenyewe: kisifanane sana na kisahani cha majivu. Rogath akitambue, Brigita asikitambue. Yunisi akasema basi hicho hakijafinyangwa bado, akabeba ndoo yake, akaenda, na kicheko chake kilisikika mpaka kwenye kona.

Nachingwea mjini maduka ya vyombo yapo, lakini kila mwenye duka alikuwa ama shemeji, ama mwanakwaya, ama mtu aliyewahi kufukuzwa barazani kwake na sigara yake. Ndiyo maana ikawa Ruangwa. Alimuaga Brigita kwamba anakwenda kijiji cha Matambarale kumjulia hali binamu yake mgonjwa. Binamu alikuwepo kweli, ila alikuwa mzima wa afya na siku ile alikuwa shambani. Brigita, kwa ule moyo wake mweupe, akakimbilia ndani akatoka na mche mzima wa sabuni, akasema ampelekee mgonjwa. Goreti akaupokea. Alisafiri nao mapajani njia nzima, na kila alipoutazama ulimsuta.

Ruangwa siku hizi imechangamka, watu wa machimbo na nyumba za wageni kila mtaa, na maduka ya vyombo yamejaa hadi nje. Goreti alipita mawili matatu bila kuingia, akaingia la nne kwa sababu halikuwa na wateja. Mwenye duka aliitwa Lukumani, mtu wa makamo, ndevu zake zimepakwa hina, na alikuwa na subira ya kutosha kuuza sindano moja moja. Akamkaribisha, akamuuliza anatafuta nini. Goreti akasema anatafuta kachombo. Ka kuwekea nini? Vitu vidogo vidogo tu.

Lukumani akashusha bakuli la sukari. Silo. Akashusha kisahani cha sabuni. Hapana, kizito zaidi. Akashusha kikaango cha chuma, na hakika kilikuwa kizito. Goreti akasema jamani, kiwe cha kupendeza, cha kukaa sebuleni, mgeni akikiona aone raha. Lukumani akafikiri, akamtazama kinywani kwa adabu, kisha akashusha kikombe chenye kifuniko, akasema kwa sauti ya chini kwamba wazee wengi huchukua hicho kwa ajili ya meno yao ya bandia usiku, na wala si jambo la aibu.

Goreti alikuwa na meno yake yote, na alijivunia. Hapo uvumilivu ukamwisha.

“Ni cha majivu,” akasema. “Majivu ya sigara.”

“Si ungesema, mama,” Lukumani akashusha pumzi. “Sigara siyo bangi.”

Akamfungulia kabati la kioo lililokuwa kando. Kulikuwa na cha kioo kinene, kizito kweli, lakini hicho hata kikiwa peke yake jangwani ungesema umefika baa. Kulikuwa na cha umbo la tairi, na cha umbo la kiatu cha mpira ambacho majivu unayatia mahali pa kisigino. Kimoja kilikuwa cha chuma kinachong'aa, kina kitufe juu. Ukikibonyeza, bati la ndani linazunguka na kumeza kila kitu, hubaki unaona usafi tu. Goreti alikipenda hicho kuliko vyote. Akabonyeza, akabonyeza tena, akamwomba Lukumani naye abonyeze, mpaka kilipombana ncha ya kidole, akakirudisha haraka. Kulikuwa pia na cha kusimama chini, chenye mguu mrefu kama vya hotelini, na kwa kitambo kidogo alijiona akimweleza Brigita kwamba ni cha kusimamishia mshumaa wa Pasaka. Akaona ameshasema uongo wa kutosha kwa mwaka mmoja.

Nyuma kabisa, kimefunikwa vumbi, kulikuwa na kimoja cha kauri nyeupe. Kilikuwa na umbo la kombe la baharini lililofunguka, kina cha kutosha, ukingo wake umezungushiwa mstari wa dhahabu, na kwenye ukingo huo vijipengo vitatu, laini, ungedhani ni pambo. Goreti akakinyanyua kwa mikono miwili. Kizito. Akapitisha kidole ndani: hakuna pembe ya kujificha uchafu. Akauliza atajuaje kama kinafanya kazi, maana yeye havuti na hajui.

Lukumani akawasha kijiti cha udi, akakilaza kwenye kijipengo kimoja, na watu wazima wawili wakainama juu ya kombe wakingoja. Majivu yakarefuka, yakajikunja, yakadondoka ndani, ndani kabisa. Goreti akayapuliza. Hayakuruka. Akaomba feni iwashwe, ikawashwa, yakatikisika kidogo lakini hayakuruka. Mteja mmoja aliyekuja kununua jagi aliwakuta wameinama hivyo kimya, udi unafuka, akavua kofia, akasubiri nje mpaka wamalize dua yao.

Wakati wa kukifunga kwa gazeti, Lukumani akauliza, kwa mazoea ya biashara tu, kama mzee nyumbani anavuta sana.

“Atavuta anavyotaka,” Goreti akasema, na masikio yakamwaka moto kwa jinsi maneno yalivyotoka yenyewe.

Jumamosi hiyo zamu ya jumuiya ilikuwa kwake. Hilo alilijua na alikuwa amelipanga. Asubuhi alikiweka kisahani mezani, akakaa kiti cha mgeni akakitazama, akakisogeza karibu na dirisha, akakirudisha katikati. Yunisi alipoleta maziwa akalazimishwa naye akae kiti cha mgeni, akanyoosha mkono mara mbili kama anayekung'uta sigara, akasema kinafikika vizuri. Kisha Goreti akakiosha, akakikausha, akakificha ndani ya kabati la vyombo nyuma ya birika. Mpango ulikuwa mwepesi: watu wasali, wanywe chai, waondoke. Rogath atabaki nyuma kuaga, hiyo ni lazima kwa mtu mwenye adabu kama yake. Hapo ndipo kitatoka.

Alasiri watu wakafika. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, sebule ikajaa, wengine wakakaa kwenye mkeka barazani. Rogath alikuja amevaa koti, akakaa mahali pake karibu na mlango. Goreti alitoka kwenda uani kuongeza kuni kwenye moto wa chai, na hakukaa sana huko. Alikaa muda wa kupuliza moto tu. Lakini Brigita siku hiyo alikuwa amekuja na chupa ya maji ya baraka kutoka parokiani, kwa ajili ya watu kuchovya na nyumba kunyunyiziwa, na maji yanataka bakuli, na katika jumuiya ile hakukuwa na nyumba ambayo Brigita hakujua vyombo vinakaa wapi.

Goreti aliporudi alikuta kisahani chake cha majivu kiko katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, kati ya msalaba na mshumaa, kimejaa maji ya baraka hadi kwenye mstari wa dhahabu.

“Kumbe umetuficha, Mama Modest,” Brigita akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. “Kombe la ubatizo kabisa.”

Akawaeleza wenzake. Hili ndilo umbo lenyewe, kama lile ambalo padri huchotea maji ya kumwagia mtoto kichwani. Na watazame ukingoni, vile vijipengo vitatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Watu wakasogea kutazama, wakaguna kwa kupendezwa. Mzee mmoja akasema vyombo vya zamani vilikuwa na maana, si kama vya leo. Goreti akafungua mdomo, akaona nyuso zote zimemgeukia, akaufunga.

Sala ikaanza. Mmoja mmoja walikuja mezani, wakachovya kidole kwenye kisahani cha majivu, wakafanya ishara ya msalaba, wakarudi mahali pao wakiwa wametulia. Brigita alichovya mara mbili. Goreti alisali siku hiyo bila kujua anasali nini. Rozari ilimkwamia kwenye punje moja, na wenzake walipomaliza fungu yeye alikuwa bado anaisugua ileile.

Zamu ya Rogath ikafika. Alichovya kidole, akakiinua, kisha hakukipeleka kwenye paji la uso. Mtu aliyevuta sigara miaka yote ile, katika ofisi za watu, kwenye nyumba za wageni, misibani na harusini, hawezi kudanganywa na mstari wa dhahabu. Kidole chake kikashuka taratibu kwenye ukingo, kikalala ndani ya kijipengo kimoja, pale ambapo sigara hulala. Akainua macho, akamtazama mwenye nyumba. Goreti akautazama mshumaa kwa bidii. Rogath akafanya ishara ya msalaba polepole, akarudi kiti chake, na usoni hakuwa na lolote la kusomeka.

Hofu ikamshika Goreti ambayo hakuwa ameifikiria hata siku moja. Amekitambua, sawa. Lakini je, amejua ni cha nani? Kama amedhani nyumba hii ina mvutaji mwingine, aliyekuja kimya kimya wakati yeye anangoja? Ule uzito aliousifu dukani sasa aliusikia kifuani.

Baada ya sala yakaja matangazo. Brigita akasimama, akamshukuru Fundi Rogath kwa madawati na milango na jeneza lile alilolitengeneza bure, akasema jumuiya itamkosa, na akamwomba asiwasahau huko Songea. Rogath akaitikia kwa kichwa. Kisha Brigita akasema kuna jambo lingine ambalo Mungu mwenyewe amelifunua leo. Kigango chao, lile kanisa dogo walilolijenga kwa mikono yao, mlangoni hakina chombo cha maji ya baraka. Waumini wanachovya kwenye kopo la siagi. Na leo wote wamekiona chombo. Mama Modest wanamjua kwa moyo wake wa kutoa. Kwa hiyo kesho, Jumapili, chombo hiki kipelekwe mbele wakati wa matoleo, na kukibeba iwe kazi ya mwisho ya Fundi Rogath kwao.

Vigelegele vikapigwa. Mama mmoja alikuwa ameshainuka kutafuta gazeti la kukifungia.

Goreti alibaki amesimama na birika tupu la chai mkononi. Kumnyima Mungu chombo bila sababu hakuwezekani, hasa kwa mweka hazina. Kudanganya kulikuwa rahisi, uongo hata ulikuwa unamjia wenyewe, kwamba ni kitu cha marehemu mume wake, kwamba ni cha kuazima. Lakini dakika chache tu zilizopita Brigita alikuwa amemuuliza kama binamu alifurahia ile sabuni. Na akikitoa, Rogath atakibeba kwa mikono yake mwenyewe mpaka altareni, atakiacha pale, na Jumatatu atapanda gari la Songea akiamini kwamba hakuna mtu aliyemtaka Nambambo. Hilo ndilo lililomtisha kuliko vicheko vyote. Akaweka birika mezani.

“Siwezi kukitoa,” akasema.

Vigelegele vikakatika. Brigita akamuuliza, kwa upole na mshangao, kwa nini.

“Ni kisahani cha majivu. Majivu ya sigara.”

Watu wakatazama vidole vyao. Mzee aliyesifu vyombo vya zamani akapangusa paji la uso kwa mkono wa shati. Brigita akakitazama kisahani, akatazama vile vijipengo vitatu, akakaa chini taratibu, akasema kwamba lakini, Mama Modest, katika nyumba hii hakuna anayevuta.

“Bado,” Goreti akasema. “Nimemnunulia Rogath. Nataka avutie humu ndani, akae humu ndani, asiende Songea. Aliniuliza nikashindwa kumjibu, kwa kuwaonea nyinyi haya. Matambarale sikwenda, nilikwenda Ruangwa kununua hiki, na sabuni yako, Brigita, iko chumbani. Basi nimesema. Chekeni.”

Hakuna aliyecheka. Chai ilichemka huko uani, ikamwagikia moto, na hakuna aliyekwenda kuiepua. Kisha sauti nyembamba ikaanza kutoka kwa Brigita, mabega yakamtikisika, akaufunika uso kwa mikono yake yenye maji ya baraka, akacheka mpaka machozi yakachuruzika. Ulikuwa mcheko ambao Goreti aliuogopa miezi yote ile, na sasa ulipofika akakuta haumi. Ulikuwa wa mtu aliyefurahi. Brigita akainuka, akamkumbatia kwa nguvu, akakinyanyua kisahani, akatoka nacho nje na kuyamwaga maji kwenye shina la maua, kama inavyopaswa kwa maji yaliyobarikiwa. Akarudi anakikausha kwa ncha ya kitenge chake, akakiweka mezani mbele ya kiti cha mgeni. Kigango, akasema, kitaendelea na kopo la siagi.

Rogath hakuwa amejongea. Alikuwa bado karibu na mlango, koti lake mwilini, mikono juu ya magoti, anatazama sakafu. Goreti akamgeukia.

“Umesikia?” akamuuliza.

Alikuwa amesikia. Waliokuwa barazani walikuwa wamesikia, na jirani wa upande wa pili, aliyekuja kusimama kwenye uzio, naye alikuwa amesikia. Rogath akainua uso, na uso huo sasa ulisomeka na mtu yeyote.

“Sikusikia vizuri,” akasema. “Rudia.”

Goreti akarudia, tena kwa sauti kubwa zaidi.